Mgema anayewatoa watu chini ya paa

Jua linachungulia upande wa kisiwa jirani cha Lombok, na Nengah Wirka tayari yuko juu ya mti wake wa nne wa mvumo. Magoti yamebana shina, kisu kimechomekwa kiunoni, na anaimba kwa pua kwa sababu mdomo umeng'ata kamba ya chombo cha mwanzi.

Anakata ncha ya kikonyo, kipande chembamba kama ukucha, anatundika chombo kitupu na kuchukua kilichojaa. Kabla ya kushuka anachovya kidole, anaonja, kisha anapaza sauti kwa yeyote aliye chini.

"Tamu! Na leo sijaongeza maji!"

Bibi mmoja anayepita na kapu la maua kichwani hainui hata macho. "Kisima chako kimekauka, ndiyo maana," anamjibu, na kwenda zake.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Nengah, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amesifiwa kupita kiasi mwaka huu hapa Batu Ngadeg, mtaa wa wagema na wakulima wa mahindi kwenye pwani kavu ya kaskazini ya Bali. Ila sifa zenyewe hazihusu tembo. Zinahusu namna anavyowaita watu ardhi inapotikisika, na mahali anapowaambia waende.

Maana mbali na kugema, Nengah ndiye mpiga kulkul wa mtaa. Kulkul ni gogo la mfenesi lililochimbwa tumbo na kutundikwa kwenye mnara mfupi kando ya ukumbi. Ikilia polepole, kuna mkutano. Ikilia kwa vituo, kuna msiba. Ikilia mfululizo bila kupumua, kuna hatari, na kila nyumba lazima itoe watu wakimbilie ukumbini. Asiyefika hutozwa faini ya mchele, na mchele si kitu. Kinachouma ni jina lako kusomwa mbele ya majirani.

Kazi hiyo haina mshahara. Nengah husamehewa kuzibua mitaro, na sikukuu hupewa paja la nguruwe.

"Nguruwe mwenyewe huwa mdogo," anasema, "lakini paja ni paja."

Kinachoendesha nyumba ni mivumo kumi na mitano anayoipanda asubuhi na jioni. Mkewe, Luh Sudri, ambaye wote humwita Mama Kerti kwa jina la mtoto wao wa kwanza, huchemsha tembo bichi mpaka ligeuke asali nzito nyeusi. Kiangazi kikiwa kizuri, kazi hiyo huwaingizia kama rupia laki moja na nusu kwa siku. Mvua zikianza, huwaingizia pole.

Mama Kerti huchechemea mguu wa kushoto. Watu wa Batu Ngadeg hawamuulizi sababu kwa kuwa wanaijua, na mgeni akiukodolea macho mguu huo, mwenyewe humuwahi.

"Mume wangu aliniita, nikaenda," anasema huku akikoroga sufuria. "Si ndivyo tulivyofundwa? Mume akiita, itika. Basi nimeitika, nikapigwa na paa."

Nengah hacheki sana hadithi hiyo inaposimuliwa.

Ilikuwa jioni, mwaka ule Lombok ilipotikiswa siku baada ya siku. Ardhi ilipoanza kucheza, watu wa Batu Ngadeg walifanya waliyorithi kwa mababu: walishika chochote kilichokuwa karibu na kupiga kelele, "Hai! Hai! Tupo hai!", ili kobe mkubwa aliyekibeba kisiwa mgongoni asisahau kwamba juu yake kuna watu. Nengah alikimbilia mnarani akaipiga kulkul mfululizo.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mtaa mzima uliitika. Wazee, wajawazito, watoto wa mgongoni, wote walijaa ukumbini, chini ya paa zito kuliko mapaa yote ya pale: paa la vigae lililochangiwa na kila nyumba, lenye taji la udongo wa kuchoma kwenye kila pembe. Kisha ardhi ikatikisika mara ya pili, na taji moja likashuka.

"Rungu lilikuwa bado mkononi mwangu," anasema Nengah. "Nilimwona Mama Kerti anaanguka, na mkono wangu bado unapiga. Wenzangu husema tushukuru, ni mguu tu. Nashukuru. Lakini aliyemwita ni mimi. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo."

Hakuna aliyemlaumu. Kulkul ilipigwa sawasawa, na watu walifika kwa wakati. Kwa sheria za mtaa kila mmoja alitimiza wajibu wake, pamoja na Mama Kerti, ambaye kwa hiyo hakutozwa faini. Taji lililovunjika lilinunuliwa upya, kubwa zaidi ya lile la kwanza, na watu wakalipandisha kwa nyimbo.

Mambo yangebaki hivyo kama asingekuja Kadek Ariwati.

Ariwati ni mtafiti wa matetemeko, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa vijiji vya juu kwenye mikarafuu. Alifika Batu Ngadeg miaka miwili iliyopita akitafuta mahali pa kufukia kipimo cha mitetemo. Nengah alimpa pembe ya shamba nyuma ya nyumba yake, akachimba shimo mwenyewe, na mkewe akaweka sadaka ya maua na wali juu ya kifuniko. Ameiweka kila alfajiri tangu siku hiyo.

"Miezi ya mwanzo kulikuwa na mtetemo kila alfajiri," Ariwati anasimulia, akicheka mpaka anafuta macho. "Mdogo, wenye mpigo mzito na mwepesi, mzito na mwepesi. Nikawaza hiki ni kitu gani jamani? Kumbe ni Mama Kerti anakuja na maua yake."

"Umeniandika kwenye vitabu vya serikali," Mama Kerti anamwambia. "Kilo zangu usiziandike."

Anachokichunguza Ariwati ni ufa ulio chini ya bahari, mbele ya pwani hiyohiyo ambako watoto huogelea. Anaueleza kwa mkeka. Chukua mkeka, anasema, usukume chini ya kitanda. Unaingia, unaingia, unakwama. Wewe unaendelea kusukuma, nao unajikunja. Siku ukiponyoka, kitanda chote kinaruka. Mkeka ni sakafu ya bahari ya kaskazini. Kitanda ni kisiwa.

"Macho ya wote yako kusini," anasema. "Kusini kuna bonde kubwa la bahari, lina vipimo, lina vitabu. Huku kwetu kuna ufa ambao bado tunajifunza hata urefu wake."

"Hata matetemeko ya kusini ndiyo yenye hoteli," Nengah anadakia. "Sisi la kwetu halina hata kibao."

Ariwati hakuja kubishana na kobe. Alipoulizwa na wazee kama anamwamini, alisema kobe wao yupo, ila amelala upande wa baharini, na hakuna anayejua atageuka lini. Jibu hilo liliwapendeza, na ndiyo sababu walimruhusu kuzungumza kwenye mkutano wa mtaa.

Siku ya mkutano aliuliza swali moja tu.

"Ardhi ikitikisika, mnakwenda wapi?"

"Ukumbini!" walijibu kwa pamoja, kwa sauti moja na kwa fahari.

Ariwati aliinua macho juu. Nengah, aliyekuwa ameketi chini ya mnara wake, alitazama alikotazama yule dada: vigae, boriti, mataji manne.

"Sikuhitaji kuambiwa tena," anasema. "Miaka yote hiyo nilidhani taji lile lilikuwa bahati mbaya. Kumbe ndiyo kazi yangu ilivyo. Kukiwa na hatari, nawakusanya watu wote nawaweka chini ya kitu kizito."

Kuanzia hapo hakumpa mtu usingizi. Alitaka mlio wa tetemeko uwe mwingine kabisa, na watu wapelekwe uwanja wa mpira ulio juu, upande wa mlimani, mbali na mapaa na mbali na bahari pia. Mwenyekiti wa mtaa, Gede Sumarjaya, mtu anayependa sheria kuliko wali, alilipeleka jambo hilo mbele ya mkutano.

Babu Lanus ndiye aliyesimama wa kwanza kupinga. Ana miaka themanini na ushei na sauti ya kijana.

"Kulkul hii imeniita tangu sijaota meno," alisema. "Ikilia mfululizo, miguu yangu inajua njia. Leo mgema ananiambia nikimbilie uwanjani na mbuzi?"

"Mbuzi hawajawahi kuangukiwa na paa, babu," Nengah alimjibu.

"Tangu apigwe picha na wasomi, huyu hashikiki!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

Hoja ya Babu Lanus haikuwa ya kipuuzi, na Nengah alilijua hilo. Mlio mpya ni lugha mpya. Mtu aliyeshtuka hafikirii; mwili wake unafuata ulichozoea. Ungempa mlio asioujua, angesimama katikati ya nyumba akijiuliza maana yake, na hapo ndipo ukuta ungemkuta. Watu walianza kukubaliana kwamba bora mambo yabaki yalivyokuwa. Nengah alikaa chini.

Mama Kerti alikuwa anapitisha kahawa. Wanawake hawasemi kwenye mkutano huo, kwa hiyo hakusema na mkutano. Alisema na birika.

"Mwezi ukimezwa, hawa wanaume hukimbilia wapi?"



Kila mtu Batu Ngadeg anajua kinachotokea mwezi unapopatwa. Jitu Kala Rau linaumeza, na lazima litishwe liuteme. Kulkul hupigwa mpigo wake wa pekee, mbili fupi na moja nzito, wanawake huudaka kwa mchi kwenye vinu vitupu vya uani, na hakuna anayebaki ndani. Hata mgonjwa hubebwa nje akatazame. Mlio huo wanaujua tangu utotoni, na hakuna mguu hata mmoja uliowahi kuufuata kwenda chini ya paa.

"Sasa tutajuaje?" Babu Lanus aliuliza, safari hii kwa upole. "Ikilia hivyo, tutajuaje kama ni mwezi au ni kobe?"

"Ukishafika nje, tazama juu," alisema Mama Kerti, naye akimmiminia kahawa. "Mwezi ukiwa mzima, ni kobe. Sukari, babu?"

Wanasema Babu Lanus alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mkutano ukapitisha. Mwenyekiti Sumarjaya, ili mambo yawe rasmi, aliongeza kifungu kwa mkono wake: mlio wa mwezi ukisikika, kila mtu aende uwanja wa juu, na atakayekutwa ukumbini atatozwa faini.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho. Nengah aliupiga mlio ule mchana wa jua kali, na nusu ya mtaa ikatoka ikasimama barabarani, viganja juu ya nyusi, ikiutafuta mwezi.

"Niliwaacha watafute," anasema. "Mradi wako nje."

Mazoezi ya pili yalikuwa afadhali. Ya tatu, watu walifika uwanjani na karanga.

Kisha, mwezi uliopita, ardhi ikatikisika kweli. Nengah hakuwa mnarani. Alikuwa juu ya mvumo.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda kiasi. Anasema kwanza aliona tembo linarukaruka ndani ya chombo na hakuna upepo. Halafu mti ukaenda huku, ukarudi kule, na yeye akaukumbatia shina kwa mikono na miguu. Chombo kilimponyoka. Alikisikia kikipasuka chini, muda mrefu baadaye.

"Sikuogopa kuanguka," anasema. "Nilichoogopa ni kulkul. Mimi niko huku juu, nani ataipiga? Na mtu akiwahi mnarani akasahau, akaipiga ule mlio wa zamani, nitawaona wote wakiingia chini ya lile paa. Nami nitakuwa nimekaa hapa natazama."

Kulkul haikulia. Kilicholia ni kinu.

Mbili fupi, moja nzito. Kutoka juu ya mti alitambua ni uani kwake. Kikafuata kinu cha jirani, kikafuata cha ng'ambo ya njia, na mlio ukasambaa kutoka ua hadi ua. Kisha milango ikafunguka.

Kutoka kileleni aliuona mtaa wake wote. Alimwona Babu Lanus amebebwa mgongoni na mkwewe, akimwelekeza njia kwa fimbo. Alimwona Komang Suweca akitoka mbio na jogoo wake wa mapambano kwapani, na mkewe nyuma yake na watoto wawili na maneno makali. Walipanda wote kuelekea uwanjani, wengine nguo hazijafungwa vizuri, wakipiga kelele, "Hai! Hai!" Ukumbi ulikuwa mtupu.

Karibu mtupu.

Katikati ya nguzo alisimama mtu mmoja, kitambaa kichwani, mikono nyuma, akisubiri watu wake wafike. Alikuwa Mwenyekiti Sumarjaya.

"Nilipiga ukelele mpaka koo likachanika," anasema Nengah. "'Mwenyekiti! Toka humo! Toka!' Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakudhani sauti inatoka mbinguni. Halafu akakumbuka. Sijawahi kumwona mtu mzima anakimbia vile na kanzu ya mkutano."

Sumarjaya hakatai. "Miguu," anasema, na kuitazama kwa lawama. "Kichwa ndicho kilichoandika sheria. Miguu haikuwa na habari." Jina lake lilisomwa kwenye mkutano uliofuata, akalisoma mwenyewe, na mchele wake ukapikwa siku hiyohiyo wakaula wote.

Nengah aliteleza kushuka mvumo mpaka mapaja yakachubuka, akakimbilia nyumbani. Mama Kerti alikuwa bado katikati ya ua, mchi mkononi, jasho likimtiririka, anatwanga kinu kitupu. Mtaa mzima ulikuwa umeshafika uwanjani isipokuwa yeye.

"Mbona hujaenda?" alimfokea.

"Ningeacha nani apige?" akamfokea naye. "Na wewe ungejuaje kama niko mzima huko juu uliko?"

Hapo, anakiri bila haya, alilia. Alimshika mkono, wakapanda polepole hadi uwanjani, mwendo wa mguu wake, ardhi ikiwa imeshatulia zamani. Watu waliwashangilia.

Hakuna kilichoanguka siku hiyo. Hata kigae kimoja. Ariwati alikuja baada ya siku chache, akasema lilikuwa tetemeko la wastani, kutoka kwenye ule ule ufa wa kaskazini. Hawezi kuahidi kwamba mkeka umemaliza kujikunja, na hawezi kusema kitanda kitaruka mwaka gani.

Zimeanza kusikika sauti za chinichini. Chungu cha mtu kiliungua. Jogoo wa Komang aliugua mafua ya jua, au ndivyo anavyodai. Vijana wawili wameuliza kama mitetemo midogo nayo inahitaji mbio zote hizo.

Jibu la Nengah liko uani, juu ya magogo mawili: shina la mfenesi lenye urefu wa mtu, limekauka nusu. Anatengeneza kulkul ya pili, itakayotundikwa uwanjani penyewe, kusudi mpigaji naye awe mahali pa usalama na watu waufuate mlio kuelekea kwenye uwazi. Siku njema ya kuanza kulichimba imeshatafutwa kwenye kalenda. Mitaa miwili ya jirani imeomba ifundishwe mpigo, na atakayekwenda kufundisha ni Mama Kerti, kwa kuwa, kama anavyosema, mwalimu ni yeye na mumewe ni rungu. Mataji ya ukumbini yatashushwa kabla ya mvua. Babu Lanus ameomba moja akaliweke bustanini kwake, chini, mahali ambapo haliwezi tena kumwangukia mtu.

Nengah anapitisha kiganja juu ya gogo, akitafuta nyufa. Akiulizwa anatumaini nini, hasemi kwamba tetemeko kubwa lisije. Hilo, anasema, si la kuombwa kwa mgema.

"Natamani wajukuu zangu waje wanicheke," anasema. "Waseme, babu yetu alikuwa mwoga, kila ardhi ikijikuna alitutoa nje, tukachomwa na jua, na lile paa halikuanguka hata siku moja. Wacheke hivyo mpaka nife. Ila wakacheke huko huko uwanjani."